Pampu ya mkono ya Afridev: ununue nini, ukatae nini

Afridev ni pampu ya mkono ya kisima ambacho maji yake yako kati ya mita 10 na mita 45 kwenda chini. Ndani ya mipaka hiyo ina sifa ambayo pampu nyingi za aina yake hazina: watu wawili wa kijijini, wakiwa na spana moja na kifaa cha kuvulia, wanaifungua, wanatoa kila kinachochakaa, wanarudisha kipya, na ndoo zinaendelea kujaa siku hiyohiyo. Hakuna kukodi winchi wala kungoja gari la wilaya. Kwa sifa hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano tunaizuia kwa sababu ya jinsi inavyouzwa. Inafikishwa kijijini kama kitu kilichokamilika, kuna sherehe na utepe, ilhali kilicholetwa ni nusu. Nusu ya pili ni raba, rodi nzuri (vyuma virefu vinavyounganisha mpini na pistoni iliyo chini), na mtu anayelipwa kuzibadilisha.

Kabla ya kuingia kwenye vyuma, hesabu kidogo ya kwa nini kitu hiki kinastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko simu au pikipiki. Sera ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Nyumba ya watu watano basi inahitaji lita 125, yaani ndoo sita za lita 20 na kidogo juu yake. Kama kwenda mtoni na kurudi ni nusu saa, ndoo hizo zinakula saa tatu kila siku, na anayezibeba ni mama au binti. Pampu ikiwa mita 400, kwenda na kurudi ni kama dakika 12. Ndoo sita ni saa moja na dakika chache, ukiacha foleni. Karibu saa mbili zimerudi nyumbani. Binti anawahi namba shuleni, mama anawahi shamba kabla ya jua kali. Pampu ikifa, saa hizo zinaondoka siku hiyohiyo, na pamoja nazo yanarudi maji ya mtoni yenye kuhara ndani yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ikisimama, itasimama siku ngapi?

Asili yake iko karibu na nyumbani. Ilizaliwa katika ule Muongo wa Kimataifa wa Maji, 1981 hadi 1990, chini ya mradi wa pampu za mkono wa UNDP na Benki ya Dunia. Kichwa chake kilitokana na pampu ya Malawi iliyoitwa Maldev, na sehemu kubwa ya majaribio ikafanyika Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, ambako shirika la KWAHO lilishirikiana na kamati za wanawake. Pampu zilizotangulia zilitaka tripodi na minyororo kung'oa bomba zima la chuma ili tu kubadilisha kipande cha ngozi kwenye pistoni. Afridev ikageuza mambo: bomba linabaki chini daima, vinavyochakaa vinapita ndani yake. Michoro yake iko wazi kwa yeyote, haina mwenyewe anayedai hakimiliki. Hilo ni zuri, na ndilo pia linaloleta shida ya ubora tutakayoifikia kwenye rodi.

Tuiangalie kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa kuna silinda ya PVC iliyovikwa shaba nyeupe kwa ndani, kipenyo milimita 50. Kwenye kitako chake inakaa valvu ya chini, futi valvu kwa lugha ya mafundi, ikizibwa na raba ya mviringo, oringi. Juu yake inapanda na kushuka plunja, yaani pistoni, yenye raba ya umbo la U inayofuta ukuta wa silinda. Ndani ya plunja na ndani ya futi valvu kuna kiraba kinachocheza juu na chini, kinaitwa bobini. Bobini ya huku inaingia kule, na hilo linapunguza vitu vya kuweka stoo. Bomba la kupandishia maji ni PVC ya milimita 63 kwa nje, pana kuliko silinda, ndiyo maana plunja inapita. Rodi ni za mita 3 kila moja, zinashikana kwa kulabu na jicho: unaziachanisha kwa mikono, bila spana. Juu kuna kichwa cha chuma, mpini, na bushi za plastiki, seti mbili kwenye mhimili wa mpini na seti mbili pale rodi inaponing'inia.

Mwendo kamili wa plunja ni milimita 225. Ukizidisha na upana wa silinda unapata lita 0.44 kwa pigo moja, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ni mapigo 45 kamili, kidogo zaidi kwa anayepiga nusunusu kama wafanyavyo watoto. Kwenye kina cha mita 10 mtu wa kawaida anatoa kama mita za ujazo 1.4 kwa saa; mita 20, kama 0.9, mita 30, kama 0.7. Wauzaji hupenda kutaja namba ya kwanza.

Sasa chukua watu 250 na lita zao 25: ni lita 6,250 kwa siku. Kwenye kisima cha mita 20 hiyo ni karibu saa 7 za kupampu mfululizo bila mkono kupumzika. Kwenye mita 30 ni karibu saa 9. Yaani pampu haina muda wa kulala mchana, na foleni ya alfajiri inajieleza yenyewe. Kwa mapigo, ni zaidi ya 14,000 kwa siku, na kwa mwaka yanapita milioni 5. Kile kiraba cha U, kinachoenea kiganjani, kinasuguliwa na shaba mara milioni 5 kabla ya mwaka kuisha. Anayesema pampu yake "haijaguswa miaka mitatu, iko vizuri tu" hajapima maji yanayotoka.

Kina kina bei nyingine, mgongo. Plunja inainua uzito wa safu nzima ya maji iliyo juu yake. Kwa mita 30 ni kama kilo 59, kwa mita 45 ni kama kilo 88, bila uzito wa rodi. Mpini unagawanya mzigo huo, lakini mtoto wa miaka minane anayetumwa maji bado ananing'inia mpinini badala ya kuusukuma. Zipo Afridev za visima virefu zaidi, ambazo bomba lake linaegemezwa chini, mpaka mita 80. Zinafanya kazi. Hatuwezi kumshauri mtu azinunue kwa kituo cha watu 250. Kwa kina hicho pampu ya umeme wa jua yenye tangi ndiyo inayostahili fedha.

Kufunga ndiko kunakoamua pampu itaishi vipi, na kosa kubwa liko kwenye gundi. Vipande vya bomba vinaunganishwa kwa gundi ya PVC, ile ambayo wengi huiita tangit, na maungio yakishakauka ndiyo basi: bomba halifunguki tena ila kwa msumeno. Pita hatua hizi bila kuruka. Futa ncha na soketi kwa kisafishio mpaka mafuta yote yatoke. Kwaruza kwa msasa pande zote mbili, kung'aa kwa PVC kuishe. Weka alama kwenye ncha kuonyesha inapaswa kuzama hadi wapi. Paka gundi nyembamba pande zote, ukivuta brashi kufuata urefu wa bomba. Sukuma mara moja mpaka kwenye alama, shikilia bila kutikisa, ngoja angalau dakika tano kabla ya kushusha. Kisha pampu isiguswe mpaka kesho yake.

Wanaoharakisha huvuna hivi: ungio linaachia baada ya wiki au miezi, bomba na silinda vinadondoka kisimani, na sasa unavua kipande cha PVC mita 30 chini ya ardhi. Wakati mwingine kisima chote kinapotea kwa sababu ya dakika tano. Gundi iliyokaa dukani juani mpaka ikawa kama uji mzito isitumike hata kama muda wake haujaisha. Mvua ikinyesha, simamisha. Mabomba nayo yasianikwe juani wiki nzima yakisubiri mafundi. PVC hukakamaa, na linalopasuka ni lile la juu linalobeba uzito wote.

Silinda ikae chini ya kiwango cha maji cha kiangazi, cha mwezi mkavu kuliko yote, siyo cha siku kisima kilipochimbwa baada ya masika. Hapo ndipo vijiji vingi huponzwa. Mwezi wa tano pampu inatoa vizuri, mwezi wa kumi inakohoa hewa, na kamati inaitisha fundi wa pampu ilhali pampu haina kosa. Usiishushe pia mpaka kwenye tope. Acha mita moja au zaidi chini yake, maana mchanga ukiingia silindani unakuna shaba, na silinda iliyokunwa inakula raba ya U kwa miezi badala ya mwaka. Kwenye kila rodi na kila bomba wekeni vile vishikizo vya katikati. Kisima kilichochimbwa kikiwa kimepinda kitasugua rodi kwenye bomba mpaka kitoboe, na tundu hilo utalijua kwa pampu inayotoa maji kidogo hata baada ya raba zote kuwa mpya.

Zege la kuzunguka pampu lina haraka zake pia. Miguu ya kichwa inafungwa ndani ya zege, na zege hilo lilowekwe na kufunikwa siku 7 kabla ya mtu yeyote kushika mpini. Pampu iliyoanza kutumika siku ya tatu kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari huanza kutikisika kabla ya mwaka. Nyufa za hapo ndiyo njia ya maji machafu kurudi kisimani. Sakafu iwe na ukingo na mteremko, mfereji uyapeleke maji mbali, na choo kiwe angalau mita 30, kamwe kisiwe upande wa juu wa kisima.

Tumefika kwenye rodi, na hapa ndipo tunapowaomba wanunuzi wawe wakali kama mama sokoni akinunua samaki.

Kwenye orodha ya bei utakuta Afridev mbili zinazofanana kwa picha. Moja ina rodi za chuma kilichopakwa zinki, nyingine za stenlesi. Ya kwanza ni rahisi zaidi, na mnunuzi wa ofisini huichukua. Kama maji yana asidi, yaani pH chini ya 6.5, zinki inaliwa upesi, kisha chuma chenyewe. Mabomba ya Afridev ni plastiki kwa hiyo hayaozi. Kutu yote inaiangukia rodi. Kwanza maji yanabadilika rangi, kisha kulabu inapungua unene kila mwezi, na siku moja mpini unakuwa mwepesi ghafla kama mlango usio na komeo. Rodi imekatika. Na kabla haijakatika wenyeji walikuwa wameshayaacha maji yake: yanabadilisha rangi ya ugali, yanaacha madoa kwenye nguo nyeupe, na chai inageuka nyeusi. Wamerudi mtoni pampu ikiwa nzima. Kwenye taarifa ya wilaya kituo hicho kinasomeka "kinafanya kazi".

Kuna kipimo kisicho na gharama cha kujua kutu inatoka wapi. Pampu isiguswe usiku kucha. Alfajiri jaza chupa safi kwa maji ya mwanzo, andika 1. Endelea kupampu, baada ya ndoo kumi jaza chupa ya pili. Zitazame kwenye mwanga zikiwa pamoja. Ya kwanza nyekundu na ya pili nyeupe, kosa liko kwenye vyuma vya pampu, badilisha rodi. Zote mbili nyekundu, au zinatoka nyeupe kisha zinageuka zikikaa wazi, madini ya chuma yako kwenye mwamba wenyewe. Hapo hata rodi za dhahabu hazitasaidia, panahitajika chujio au kisima kingine.

Stenlesi basi. Lakini ipi? Kwa kuwa michoro haina mwenyewe, yeyote mwenye karakana anaweza kuandika Afridev kwenye boksi. Mengi yanatoka India na Pakistani, mengine mazuri sana, mengine la. Nenda dukani na sumaku ndogo. Stenlesi ya daraja la 304 au 316 haivutwi na sumaku, au inavutwa kwa unyonge sana pale ilipokunjwa kwenye kulabu. Ikinasa kwa nguvu, weka chini uondoke. Sumaku inamkamata mwongo, lakini haimthibitishi mkweli: ziko aina hafifu za stenlesi zisizovutwa ambazo bado hushika kutu. Kwa manunuzi ya pampu nyingi dai cheti cha maabara cha mzigo huohuo, na mkataba useme rodi mbili za kuokoteza zitapimwa kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji anayekasirikia sharti hilo amekwisha kujibu.

Jambo hili si la Afridev peke yake. India Mark II, pampu ngumu ya kutegemewa iliyoenea Uganda, ilifungwa miaka mingi kwa mabomba ya chuma ya zinki, na kutu ikawa balaa mpaka Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ikayasimamisha mwaka 2016.

Vitu vya kubadilisha kila mwaka ni vichache, vyote vinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga: raba ya U moja, bobini mbili, oringi moja, seti nne za bushi. Ongeza vishikizo vya rodi kadiri vinavyochakaa. Usisubiri kuharibika. Chagua mwezi wenye maji ya mvua, ambapo kukosa pampu kwa asubuhi moja hakumuumizi mtu.

Kazi yenyewe ni hivi. Fungua kifuniko cha kichwa, legeza nati za mhimili, toa mpini. Vuta rodi ya kwanza, iweke kwenye kishikilio, iachanishe na ya pili, endelea hivyo mpaka plunja itokeze. Zilaze kwenye ubao au turubai, kamwe si juu ya udongo wala mavi ya mbuzi. Kitakachoshika kwenye rodi kitanywewa. Funga kifaa cha kuvulia mahali pa plunja, zishushe tena rodi, kinase futi valvu, ipande. Hapa mwenye papara huivuta kwa nguvu. Oringi huwa imebana baada ya mwaka, kwa hiyo vuta taratibu, na maji yaliyo kwenye bomba yatashuka ghafla futi valvu ikiachia. Hiyo ni kawaida. Paka sabuni kidogo, si grisi, kwenye raba mpya ili iteleze. Sabuni huoshwa na maji, lakini grisi hukaa na kuharibu raba.

Pampu husema inachoumwa ukiijua lugha yake. Mpini ukicheza kushoto na kulia, bushi zimekwisha, na ukiendelea kuitumia hivyo chuma kitasugua chuma na utanunua kichwa badala ya kiplastiki. Mpini mwepesi bila maji, rodi imeachana au kukatika. Mpini mzito kuusukuma kuliko kawaida, raba ya U imevimba na kung'ang'ania silinda. Ni dalili ya raba bandia. Maji yanayokuja kwa kukatika pamoja na mapovu, kiwango cha kisima kimeshuka. Maji yanayochelewa asubuhi, futi valvu inavuja: iache pampu nusu saa, kisha hesabu, yakizidi mapigo matano kabla ya maji kutoka, oringi au bobini ya chini imekwisha. Na kipimo cha jumla: mapigo 40 kamili kwenye ndoo. Unatarajia karibu lita 17. Ukipata pungufu ya 15, agiza raba. Ukipata 10, ulipaswa kuwa umeagiza zamani.

Kila mara pampu inapofunguliwa, kisima kitiwe klorini. Kisima chenye kipenyo cha sentimita 15 kina karibu lita 17.7 za maji kwa kila mita, hivyo mita 20 za maji ni kama lita 354. Kwa kiwango cha miligramu 50 kwa lita unahitaji kama gramu 27 za klorini ya unga ya asilimia 65, takriban vijiko viwili vya chakula. Iyeyushe kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, iache vijitope vitulie, mimina maji ya juu kisimani, pampu mpaka usikie harufu mdomoni mwa bomba, kisha funga mpini kwa mnyororo usiku kucha. Kesho yake pampu maji yamwagwe mbali mpaka harufu iishe. Bila mnyororo huo mtu atakuja saa kumi alfajiri na ndoo yake, na hana kosa.

Klorini inaua vijidudu lakini haigusi floridi. Kwa mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Singida pima floridi kabla ya kununua chochote. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na pampu nzuri juu ya maji yenye floridi nyingi inaharibu meno na mifupa ya kijiji kizima kwa ufanisi mkubwa. Pwani tatizo ni chumvi: ukipampu kwa wingi karibu na bahari, maji ya chumvi husogea kuelekea kisimani. Hapo udhaifu wa pampu ya mkono unageuka faida, kwa sababu haiwezi kuvuta maji mengi kwa mkupuo.

Washindani wake tuwapitie upesi. Maji yakiwa mita 15 au pungufu, Nira AF-85, ambayo Mtwara na Lindi wameizoea tangu mradi wa Wafini, ni nyepesi, haina mhimili wala bushi, unasukuma na kuvuta moja kwa moja. Pampu ya kamba ni rahisi kuliko zote na hurekebishwa na fundi baiskeli. Inafaa nyumba chache, si shule. India Mark II inahimili mikono mingi zaidi lakini ikiharibika chini inataka fundi mwenye vifaa vizito. Zile pampu za bembea ya kuzunguka, zilizotangazwa kwa kishindo Marekani mwaka 2006 kwamba watoto watacheza na maji yatapanda, watoto hawakucheza saa saba kwa siku, na mabibi wakabaki kuizungusha bembea kwa mikono.

Inabaki nusu ya pili, huduma. Afridev iliundwa kwa imani kwamba kijiji kitaitunza chenyewe, na kwa upande wa mikono imani hiyo ilikuwa sahihi. Upande wa mfuko ndio uliolegea. Pampu ikienda vizuri hakuna anayetaka kuchangia. Ikiharibika kila mtu anataka, lakini wakati huo pesa inakusanywa nyumba kwa nyumba, mtu anatumwa mjini kutafuta raba, duka halina, anarudi. Kule Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kifaa kidogo ndani ya mpini kinachohesabu mwendo wake na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mpini ukinyamaza, fundi anajua bila kupigiwa. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ilianzishwa FundiFix, inayohudumia Kwale na Kitui: kijiji kinalipa ada ndogo kila mwezi, fundi anabeba wajibu wa kurekebisha haraka. Tunaupenda mpangilio huo kuliko kamati yenye kopo la sarafu, ila mtu asidanganywe kwamba ada za wanakijiji peke yake zinatosha kuuendesha. Lazima serikali au mfuko mwingine uongeze.

Tanzania, tangu 2019, RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndio wenye mzigo huu. Kabla ya kupokea pampu ya msaada, waulize wafadhili mbele ya mkutano wa kijiji: raba ya U inauzwa duka gani, mji gani, na bei gani leo? Kama jibu ni "tutawaletea", andikeni kwenye makabidhiano seti kumi za vifaa vya mwaka mzima, zikae kwa mtunza hazina. Bei yake ukilinganisha na kuchimba kisima ni ya kuchekesha.

Kwa ufupi wa manunuzi: rodi za stenlesi zenye cheti, mabomba yenye soketi zisizo na nyufa, gundi mpya mikebe miwili badala ya mmoja, kifaa cha kuvulia na kishikilio cha rodi vibaki kijijini na visirudi na gari la mkandarasi, seti kumi za raba, sumaku mfukoni. Raba zihifadhiwe gizani, kwenye chombo kilichofungwa, mbali na mafuta ya taa. Stoo nyingi za vijiji huweka vyote kwenye rafu moja, na mafuta ya taa huvimbisha raba kabla haijaonja maji.